Gamba Chini, Msumeno Juu

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alipanda lori kwenda Tanga kukata mkonge. Hakurudi na hakuandika. Mama alibaki na watoto watano na shamba la viazi ambalo baridi ya Juni ililiunguza lote. Mimi nilikuwa wa kwanza kuzaliwa, basi shule yangu ikaishia darasa la tatu, nikaenda msituni kubeba mbao kichwani. Shida ilianzia hapo, na kazi pia. Sina la kuongeza, maana nyie vijana mkisikia mzee anaanza na shida mnadhani anataka kuhurumiwa. Sitaki. Nataka mjue njia ya msituni inavyoendeshwa, kwa sababu nawaona mnavyoendesha na mnanitia hasira.

Mwezi uliopita hapa Makambako, kwenye kibanda cha chai nyuma ya stendi, kijana mmoja wa Fuso aliniuliza, "Babu, nyie mlikuwa mnapitaje kule msituni bila winchi?"

Nikamwambia, "Kwa miguu."

Akacheka. Akadhani natania. Sikuwa natania. Njia ya msituni dereva anaipita kwanza kwa miguu, halafu ndipo anaipita kwa gari. Ukifika kwenye tope usilolijua, unazima injini, unashuka, unavua viatu kama unavipenda, unaingia na fimbo. Unachoma fimbo huku na huku. Ikigonga pagumu kwenye kina cha goti, pita. Ikizama bila kugonga kitu, rudi garini, unywe chai yako, ufikiri. Nyie mnasimamisha gari, mnapiga picha, halafu mnakanyaga mafuta.

Nilifundishwa haya na Mzee Ngimba, Mkinga wa upande wa Bulongwa, dereva wa Bedford ya mbao. Nilikuwa utingo wake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu, viwili vilikwenda na mnyororo wa magogo, na kwa hivyo vitatu alishika usukani vizuri kuliko mimi kwa vitano. Hakujua kufundisha kwa upole.

"We Mbena," alikuwa akiniambia, "usukani si jembe. Unalima nini humo?"

"Nalinyoosha gari, mzee."

"Liache! Likiwa kwenye mifereji ya magurudumu linajua linakokwenda. Wewe ndiye hujui."

Na ni kweli. Kwenye tope lenye mifereji mirefu ya matairi, ukipigana na usukani utachoka na utatoka pembeni. Unaushika kwa vidole tu, kama unavyoshika kikombe cha moto. Na dole gumba lisipite ndani ya usukani. Gurudumu likigonga jiwe, usukani unageuka kwa nguvu na utakuvunja. Mimi gumba langu la kulia halikunjiki hadi leo. Mzee Ngimba aliliona limevimba, akasema, "Sasa umesoma," akaendelea kula muhogo wake.

Upepo wa matairi nao hamuujui. Tairi lililojaa linakaa juu ya tope kama yai juu ya meza. Mnapoingia kwenye ulaini, punguzeni upepo tairi litanuke, likanyage eneo kubwa. Mkitoka, mjaze. Sisi tulijaza kwa pampu ya mguu mpaka paja linatetemeka. Mna mashine za kujazia siku hizi, na bado mnaona uvivu.

Nawaambia na kosa moja la watu wa mbao wa mikoa yetu, ambalo sijaliona likifanywa na watu wa pengine. Njia ikiharibika karibu na mashine ya kupasulia, wanamwaga vumbi la mbao kwenye tope. Siku ya kwanza njia inapendeza, imekauka, ina rangi ya mkate. Mvua ikirudi, lile vumbi linakunywa maji na kugeuka uji, na chini ya uji kuna tope lilelile. Gari likiingia humo linakaa. Nimewaambia watu hilo miaka na miaka. Wiki iliyopita nimeona kijana anamwaga.

Kinachofaa ni mabanzi, yale maganda ya pembeni ya gogo yanayobaki baada ya kupasua mbao, upande mmoja una gamba la mti na upande mwingine umepita msumeno. Unayapanga yakingame njia, moja baada ya jingine, mwendo mzima wa tope. Gamba chini, msumeno juu. Mviringo wa gamba unajikita kwenye tope, na uso wa msumeno una makovu, tairi linashika. Ukiweka gamba juu, msonobari mbichi unabambuka gamba lake kama ndizi iliyoiva, na gari linateleza juu ya utelezi wa mti. Mzee Ngimba alinirudishia jambo hili mpaka nikaliota. Kumbe lilikuwa linangoja siku yake.

Siku hiyo ilikuwa ya ng'ombe wa Mama Faraja.

Kijiji chenyewe ni Ikungula. Kiko kwenye bonde, na msitu uko kaskazini yake, juu. Kutoka upande wa Makete ulikuwa ukifika kwa barabara ya kawaida, mpaka mvua moja ya Februari ikazoa daraja. Ikabaki njia yetu ya mbao, inayopanda mlima, inakata msitu, halafu inateremka kijijini kwa upande wa kusini. Upande wa kusini wa mlima, vijana, kwa huku kwetu haupati jua. Tope lake halikauki mpaka Agosti. Sisi madereva mteremko ule tulikuwa tukiuita Sabuni.

Mama Faraja alikuwa mjane wa hapo Ikungula, mwembamba, mwimbaji wa kwaya, anaongea kidogo. Kijiji kilikuwa na utaratibu wa kupokezana ng'ombe wa maziwa. Unapewa mtamba mwenye mimba. Akizaa ndama jike wa kwanza, si wako, unamlea mpaka aache ziwa halafu unampa anayekufuata kwenye foleni. Naye wake vivyo hivyo. Ng'ombe akikufia kwa uzembe, umetoka, na anayekufuata amekosa, na wa nyuma yake wote wanangoja. Na hupewi kitu mpaka umejenga banda lenye paa, hori na sakafu, mtu akaja akalikagua.

Zamu ilikuwa ya Mama Faraja. Anayemfuata alikuwa Mama Skola, jirani yake. Hawa wawili walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba la pareto. Kanisani mmoja alikaa upande wa dirisha, mwingine upande wa mlango.

Mtamba alikuwa shambani huko juu, upande wa Kitulo, mimba imekomaa. Waliokuwa naye wakatuma neno: achukuliwe sasa, maana akizaa huko juu kwenye baridi ile watampa kikundi cha kijiji kingine kinachofikika, Ikungula itangoja mwaka mwingine. Kumtembeza kwa miguu katika mvua na mimba ile hakuna aliyethubutu. Mama Faraja akazunguka kwa wenye magari, kila mmoja akamwambia daraja hakuna. Akaja kwangu. Nilikuwa naendesha Landrova ya nyuma wazi ya tajiri mmoja wa mbao.

"Kamwene, dereva."

"Kamwene, mama."

"Wanasema wewe Sabuni unaipita."

"Naipita na mbao. Ng'ombe sijawahi."

"Ng'ombe ni mwepesi kuliko mbao."

Tajiri wangu nilipomweleza alisema, "Nenda. Ukirudi utaniambia kama njia inapitika, nina mzigo wangu kule." Huo ndio ukawa wema wake, na ulitosha.

Tulimpakia asubuhi. Ng'ombe mweusi, ana doa jeupe kwenye paja, mpole. Nilitandika majani nyuma, nikafunga miti pembeni, nikamfunga kichwa mbele kuelekea kwetu, kamba fupi. Mama Faraja akakaa mbele kwenye kiti, amegeuza shingo kumtazama kupitia kidirisha cha nyuma. Aliimba njia nzima. Wimbo mmoja, ubeti uleule, kwa sauti ya chini. Sikumkataza. Mzigo mwingine ungelalamika zaidi.

Msitu wenyewe tuliupita vizuri. Ukungu ulikuwepo, nikaendesha na mlango wazi, naangalia ukingo wa njia chini ya mguu wangu, maana mbele hakuna kinachoonekana. Kwenye daraja la magogo nilisimama, nikashuka na shoka, nikayagonga magogo kwa kisogo cha shoka moja baada ya jingine. Gogo zima linalia kavu. Lililooza ndani linajibu kama unapiga gunia la viazi. Moja lilijibu vibaya. Nikapanga kupitisha gurudumu pembeni yake.

"Dereva, nishuke?" Mama Faraja akauliza.

"Shuka."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe abaki."

"Akianguka?"

"Akianguka nitakuwa nimeanguka naye. Hutapata wa kumlaumu."

Akavuka kwa miguu, akanisubiri ng'ambo huku amefumba macho. Alipopanda tena aligeuza shingo kwanza kumtazama ng'ombe. Halafu akaanza tena kuimba.

Tukafika Sabuni mchana. Nikashuka, nikaipima kwa fimbo. Mbaya, ila nimepita mbaya zaidi. Nikafunga minyororo kwenye matairi ya nyuma, nikaunganisha magurudumu yote manne, nikaweka gia ya chini kabisa, nikatoa mguu kwenye breki. Sikieni hapo. Kwenye mteremko wa utelezi breki ni adui. Ukiigusa magurudumu yanafunga na gari linakuwa sahani. Iache injini ilishike gari. Inapiga kelele, inalia, iache ilie. Wewe miguu yako iweke mbali, ukiweza ikalie.

Tulikuwa tumeteremka zaidi ya nusu. Naona mapaa ya bati ya Ikungula chini, naona moshi. Nikasikia usukani umekuwa mwepesi mkononi. Kabla sijasikia kelele yoyote nilijua mzigo umehama.

Mbao hazihami ukizifunga. Magogo hayahami. Ng'ombe anahama, hasa ng'ombe anayetaka kuzaa. Alikuwa ameshikwa na uchungu, akalala kwa ubavu wa kushoto, uzito wake wote ukaenda upande mmoja, na kamba yangu fupi ikakatika. Kumbe ng'ombe mwenye mimba unamfunga kamba ndefu na unamwekea gunia la majani kila ubavu ili akilala alale katikati. Nilikuwa silijui hilo. Sasa nyie mnalijua.

Nyuma ya gari ikateleza taratibu, gurudumu la nyuma la kushoto likaingia mfereji wa maji, mlango wa nyuma ukagota kwenye ukuta wa udongo. Tukasimama hivyo, gari limeinama kama mtu aliyelala kwa kiwiko. Nikazima injini.

Mama Faraja alishuka, akapanda nyuma, akamtazama ng'ombe. Akarudi.

"Mguu mmoja umetoka," akasema.

"Wa ndama?"

"Wa ndama. Mmoja tu. Na kwa alivyolalia kule, makalio yamegota mlango, hawezi kusukuma."

Nikajaribu kufungua mlango wa nyuma. Haufunguki, ukuta wa udongo umeubana. Ng'ombe hawezi kusimama kwa vile gari limeinama. Mama hawezi kumsaidia mpaka gari likae sawa, na gari haliwezi kukaa sawa mpaka litoke mferejini. Jeki nilikuwa nayo. Nikaiweka, nikaizungusha mara chache, gari halikunyanyuka hata kidogo. Jeki ndiyo iliyozama. Sikuwa na banzi hata moja ndani ya gari. Mama Faraja alikuwa ameshika mkia wa ng'ombe tu, mkono mwingine kwenye paja la ng'ombe.

Nikapiga honi. Sikujua cha kufanya kingine, nikapiga honi mfululizo.

Aliyetokea wa kwanza ni Mama Skola. Alikuwa kwenye shamba lake la pareto ukingoni mwa msitu, na nadhani alikuwa hapo toka asubuhi akisikilizia gari, ingawa alisema anapalilia. Mwanamke mnene, sauti kubwa, jembe begani. Akatazama gari. Akatazama ng'ombe. Akamruka Mama Faraja kwa macho, akanigeukia mimi.

"Dereva, muulize huyo mama, uchungu umeanza lini?"

Mama Faraja alikuwa hapo hapo, mkono ungemfikia. Akanijibu mimi, "Mwambie sasa hivi tu, kwenye mteremko."

"Mwambie asivute huo mguu mmoja. Mpaka wa pili uonekane."

"Mwambie najua. Sijazaliwa jana."

Nikasema, "Mmesikiana wote. Mimi nahitaji mabanzi na watu."

"Watu wako kilabuni," Mama Skola akasema. "Msimu wa ulanzi huu. Utawapata wapi wengine?"

Hilo nalo mlijue. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, unagemwa wakati wa mvua. Na gari linakwama wakati wa mvua. Maana yake kila utakapokwama kwa huku kwetu, wasukumaji wako watakuwa wamekunywa. Hakuna namna. Jifunze kufanya kazi na waliolewa: wape kamba badala ya kuwapa ushauri, na usisimame mbele yao.

Mama Skola akateremka mbio. Tukawasikia kabla ya kuwaona, wanakuja wakiimba, wanaume kama kumi, na mmoja ana jagi lake la ulanzi mkononi, hakuweza kuliacha. Na kila mmoja amebeba mabanzi begani. Mabanzi mazuri, mapana, bado mabichi.

"Mmeyapata wapi?" nikauliza.

"Kwa Mama Skola," akasema mwenye jagi. "Katung'olesha sakafu ya banda lake lote. Ndama wake hajazaliwa, banda limeshabomoka!"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Mama, si ng'ombe wa mwenzio huyu? Unahangaika nini?"

"Ng'ombe wake," Mama Skola akasema. "Aliye tumboni wangu. Panga mabanzi, mlevi wewe."

"Na akiwa dume?"

"Panga mabanzi!"

Mama Faraja alisikia hayo. Aliinua kichwa, akayatazama yale mabanzi mabegani mwa wanaume, ana kwa ana na sakafu ya mwenzie. Halafu akainama tena kwa ng'ombe wake.

Nikaweka banzi moja nene chini ya jeki, nikazungusha, sasa gari likanyanyuka. Nikawaambia wapange mengine chini ya gurudumu na mbele yake, mimi nikaenda kufunga kamba kwenye ndoano ya mbele. Nikapanda, nikawasha, nikaachia klachi polepole. Gurudumu likazunguka papo hapo, likatoa moshi, mabanzi mawili yakaruka nyuma, moja likapiga jagi la ulanzi likaenda nalo mpaka chini ya mtaro. Kilio kilichosikika hapo, ungedhani kafa mtu.

Nikashuka. Wameweka gamba juu. Wote. Gamba lote limebambuka, mti umebaki unang'aa kama samaki.

"Nani kawaambia gamba juu?"

"Ili lishike," akasema mwenye jagi, machozi yanamtoka kwa ajili ya ulanzi wake. "Si ndiyo lina mikwaruzo?"

"Gamba chini! Msumeno juu!"

Tukapanga upya. Mama Skola mwenyewe akaingia mferejini mpaka mapajani, anayageuza moja moja, anayapiga kwa kisigino yajikite. Wasukumaji sikuwaweka nyuma, maana nyuma kuna ukuta. Niliwapa kamba mbele, upande wa kulia, wavute kulitoa gari mferejini. Nikawaambia wasivute mpaka nipige honi, na wakivuta wasiimbe, maana wakiimba wanavuta kwa wimbo badala ya kuvuta kwa gari.

Nikakaa kwenye usukani. Sikuwa na hofu. Nasema kweli, kwenye kazi sikuwahi kuwa na hofu, nilikuwa na hesabu tu. Injini iende chini, isipandishwe. Gurudumu lizunguke polepole kuliko mtu anavyotembea. Mkikanyaga mafuta mnachimba, mkitulia mnapanda. Nikapiga honi. Klachi ikaachia. Nikasikia tairi linauma ule uso wa msumeno, tik, tik, tik, mnyororo unapita juu ya kila banzi. Gari likapanda, likainuka, likasimama sawa juu ya sakafu ya banda la Mama Skola.

Nikazima, nikashuka kufungua mlango wa nyuma. Sikuwahi kuufikia. Walikuwa wameshaufungua wao wawili.

Mguu wa pili ulikuwa umeonekana, na pua juu yake. Mama Skola kashika miguu kwa kanga yake ili isiteleze. Mama Faraja yuko ndani ya gari, kapiga magoti kwenye majani, anaelekeza.

"Dereva, mwambie asubiri," akasema Mama Faraja.

"Mwambie nasubiri."

Ng'ombe akasukuma.

"Mwambie avute sasa. Kwa chini, siyo... Chini, Mama Skola! Vuta kwa chini!"

"Navuta! Mshike wewe huko!"

"Nimemshika! Vuta!"

Hapo nikajua kazi yangu ya ukalimani imekwisha, nikaenda kukusanya kamba.

Alikuwa jike. Mweusi, doa jeupe kwenye paja lilelile. Mwenye jagi akasema, "Mama Skola, ng'ombe wako anafanana na mama mkwe," na Mama Skola akamrushia tope, wote tukacheka, hata Mama Faraja. Tulimbeba ndama kwa mikono mpaka kijijini, ng'ombe akafuata kwa miguu yake mwenyewe akimlamba. Gari nililiteremsha baadaye, tupu, bila shida.

Mabanzi hayakutoka tena. Sabuni iliyameza.

Alipokuja mkaguzi wa kikundi, baada ya miezi, ndama amekaribia kuacha ziwa. Akaangalia banda la Mama Skola, akasema halina sakafu, hawezi kumpa mnyama. Mama Skola akamwambia, "Sakafu iko chini ya tope pale Sabuni. Chukua jembe ukaichimbue." Mkaguzi akakasirika, Mama Faraja akatoka nyumbani kwake akasema ndama atalala kwake, banda moja na mama yake, mpaka sakafu ipatikane, na asiyetaka aje amtoe. Hakuja mtu. Mpaka wa shamba la pareto, nijuavyo, haujamalizika mpaka leo. Wanagombana, lakini wanagombana kwa mdomo, siyo kupitia kwangu.

Mimi niliposikia hayo, safari iliyofuata nilimshushia Mama Skola mabanzi ya kutosha. Msiseme nilikuwa mwema. Kambini yalikuwa yanachomwa moto.

Niliacha kuendesha mgongo ulipokataa. Sasa Njombe hadi Makete ni lami, Sabuni imeota miti, na vijana wanabeba mbao kwa pikipiki, jambo ambalo hata Mzee Ngimba hakuliwaza. Nilikuwa nimetulia hapa Lyamkena, pembeni ya Makambako, sidai kitu kwa mtu, simu ikalia.

"Dereva. Mama Skola hapa. Jenga banda."

"Banda la nini?"

"La kufugia mbuni. La ng'ombe, la nini jingine? Kikundi tumekaa. Tumekuweka kwenye foleni."

"Mimi si wa kijiji chenu, mama."

"Ndiyo maana umekaa foleni muda mrefu. Jenga. Nitakuja kulikagua mwenyewe."

Akaja kwa basi, mzee sasa, na fimbo. Hakunywa chai kwanza. Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akagonga sakafu kwa fimbo.

"Gamba liko wapi?"

"Chini."

"Haya," akasema. "Lete chai."

Hiki ndicho nilichonacho leo. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati jipya. Kiwanja kimoja, kina hati. Ekari tatu za msonobari upande wa Njombe, nimepanda mwenyewe. Parachichi zimeanza kuzaa. Landrova moja haitembei, nakaa humo asubuhi kuota jua. Jeki moja, minyororo miwili ya matairi, shoka. Mke mmoja, watoto wanne, wote wamepita darasa la tatu. Ng'ombe mmoja mweusi, doa jeupe pajani.

Na ndama jike, lakini huyo simhesabu, si wangu. Ni wa yule kijana wa Fuso aliyeniuliza habari za winchi. Nilimwambia ajenge banda, akajenga, jana nimekwenda kulitazama. Paa zuri, hori zuri. Sakafu kaweka gamba juu. Ng'ombe atateleza hapo siku ya kwanza. Nimemwambia aing'oe yote apange upya.

Ndama anasubiri.